Mnara wa Viatu

Mwalimu wa chekechea alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Mwalimu mkuu, mama ambaye kwa ile sauti yake watoto walikuwa wamembandika jina la Kengele, alishamwambia waziwazi, mbele ya watoto: mkaguzi akiwakuta watoto wanacheza, ajue kibarua kimeota nyasi. "Wazazi wanawaleta hapa wasome. Kucheza si wangechezea kwao?"

Basi asubuhi ya ukaguzi Kengele akafungia stoo matofali ya mbao, midoli, mpaka ule mpira uliokwisha pasuka, maskini, ambao hata kudunda ulishastaafu. Watoto wa miaka minne wakaamriwa waimbe irabu mpaka mgeni aingie. Kisha akamwita mwalimu ofisini wampokee mkaguzi kwa chai. Dakika kumi nzima! Jamani, uwaache watoto ishirini peke yao dakika kumi, halafu utegemee kuwakuta wanaimba irabu? Labda uwe umewagundisha kwenye viti.

Walipofika mlangoni, irabu hazikusikika. Viatu vyote vilivyovuliwa kibarazani vilikuwa vimeingizwa ndani, na mnara ulikuwa unapanda katikati ya darasa. "Hicho chembamba, kitaanguka. Lete kipana!" "Kipana kikae chini, wewe!" Kengele alitaka kuingia kwa kishindo, mkaguzi akamzuia kwa mkono.

Hapo ndipo Pilipili, binti asiyeijua haya hata kwa kusimuliwa, alipopanda juu ya kiti na rula mkononi. Alishika kiuno, akabinua midomo, akakohoa kikohozi chenyewe cha Kengele, kikavu, mara mbili.

"Nyie! Nani kawaambia mcheze? Mgeni akija, semeni a-e-i-o-u! Na wewe mwalimu, akiwakuta hivi, kazi huna!"

Aliyekuwa anaigiza mwalimu ni Kimya, mtoto ambaye tangu shule ifunguliwe hajawahi kusema darasani neno lolote zaidi ya "mkojo." Hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa anaweka kandambili juu ya buti.

"Nifukuze," alisema. "Lakini ngoja kwanza wamalize mnara."

Mkaguzi alijifanya anapenga kamasi. Kengele akacheka kicheko cha jino pembe. "Watoto bwana! Maneno haya sijui wanayaokota wapi. Si uongo mtupu huu, mwalimu?" Na jicho alilomkazia, mama wee, lingeweza kuchoma karatasi.

Mwalimu akiitikia tu "ndiyo," kazi anayo. Neno moja! Alitamani kulisema, alilihitaji. Lakini aibu ilimzidi woga, aibu ya kupitwa ushujaa na mtu asiyejua kujifunga kamba za viatu.

"Ya kufukuzwa ni kweli, ulisema," alijibu. "Na mimi nikakujibu, 'Sawa, bi mkubwa.' Hilo la mnara ndilo Kimya alilolitunga mwenyewe."