Gyenet Si Genet

Pale Wolkite, mji wa Wagurage nchini Ethiopia, kila mtu alimwita Genet, naye hakuitika. Zahanatini walisoma jina hilo mara tatu huku yeye amekaa mbele yao, anapunga upepo kwa kanga ya kichwani.

"Mama, si wewe huyu?" muuguzi akamuuliza.

"Huyo simjui. Mimi ni Gyenet."

Kwa Kigurage sauti ile ya *gye* ina herufi yake, lakini makarani walikuwa na mazoea ya kuandika *ge* ya Kiamhari na kupita zao. Gyenet alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na kitu cha kwanza alichosoma vizuri ni kwamba jina lake lilikosewa kila mahali.

Basi alipoamua kufungua mkahawa wa kitfo, nyama ya kusaga yenye siagi na viungo, alikwenda kwa binti yake Wolansa, mwenye duka la kuchapa mabango karibu na stendi.

"Niandikie jina langu, kubwa, lionekane toka barabarani."

Wolansa akaandika. Kwenye kioo cha kompyuta, mahali pa herufi ya kwanza, pakatokea kisanduku kitupu.

"Umenifungia kwenye boksi, mwanangu?"

"Mashine haina hiyo herufi, mama. Ngoja niichore kwa brashi."

"Brashi ya nini? Na wateja wakinitafuta kwenye simu, utawachorea huko nako?"

Wolansa akampigia Tofik, aliyesoma naye, ambaye siku hizi yuko Addis Ababa anachora herufi za kompyuta.

"Herufi yenu ilishapewa namba yake zamani," Tofik akamwambia. "Mashine za dunia nzima zinaitambua kwa namba hiyo. Ila fonti unayotumia haina umbo lake, ndiyo maana unaona boksi. Tuchore umbo, tuliweke kwenye namba yake, kwisha kazi."

"Kwisha kazi" ikachukua wiki nzima. Tofik alituma mchoro, Wolansa akaukataa.

"Hicho kipembe cha juu kimelala kama mlevi."

"Nikikisimamisha kitagusa mstari wa juu!"

"Basi kipunguze. Kwani wewe fundi au kinyozi?"

Mchoro mwingine ukaja mnene mno, mwingine ukakonda hadi ukapotea kwenye maandishi madogo. Wolansa alianza kuota herufi. Jioni moja alimkatia simu Tofik kwa hasira, asubuhi akampigia kumwomba radhi, akakuta ameshatuma mpya. Hiyo ilikaa sawasawa. Wakatengeneza na ndugu zake wote, *gyu*, *gyi* na wengineo, maana herufi hizo haziji mojamoja, kila irabu ina umbo lake.

Wolansa aliiweka fonti kwenye kompyuta, akamwita mama yake dukani, akaandika jina. Boksi halikuwepo.

Gyenet akasogea hadi pua ikakaribia kioo. Kisha akavuta kiti.

"Ondoka hapo. Nionyeshe pa kubonyeza."

Akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Akaliandika tena, na tena, ukurasa ukajaa.

"Mama, wateja wanasubiri."

"Wasubiri. Mimi nimesubiri tangu nizaliwe."

Wateja wakacheka. Mzee mmoja aliyekuja kuchapa kadi za harusi akauliza kama mke wake naye anaweza kuandikwa sawasawa, maana ana sauti hiyohiyo katikati ya jina. Wolansa akamwandikia, mzee akabeba karatasi kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

Bango lilipandishwa mkahawani Jumamosi. Tofik alishuka na basi la asubuhi kuliona, na Gyenet akamkalisha karibu kabisa na jiko. Alimletea kitfo iliyong'aa siagi, na mkate wa kocho bado wa moto.

"Kula, mwanangu. Umekonda kama ile herufi uliyotuma Jumanne."

Tofik akamtazama Wolansa. "Ulimwonyesha?"

"Zote," Wolansa akajibu, akijimegea kocho.