Kengele Nyuma ya Kioo

Jengo lile lilipovuliwa magunia, mji mzima ulishuka kulitazama. Orofa nane, vioo vya bluu kuanzia chini hadi juu, na mbele limechongoka kama pua ya meli iliyokosea njia ikapanda nchi kavu. Watu walitoka Mkolani na Butimba wamevaa nguo za Jumapili, wanakuja kujiangalia. Mbuzi wa mama muuza mahindi alikutana na mbuzi mwenzake mle kiooni, wakatazamana vibaya, na sisi tukawashangilia wote wawili mpaka mlinzi akaja kuwaachanisha.

Nyuma ya jengo, juu kwenye mwamba, kuna kanisa la mawe la tangu enzi za Mjerumani. Zamani mnara wake ndio uliokuwa mrefu kuliko kitu chochote upande ule. Sisi tuliokuwa tunafanya biashara huku chini ufukweni mwa ziwa tuliuona tukiinua macho tu. Sasa tukiinua macho tunajiona sisi wenyewe.

"Kanisa limekuwa kibanda cha mlinzi," akasema Malimi, muuza viatu vya mitumba.

Tulicheka. Walikuwepo waliokasirika pia. Mama mmoja wa jumuiya alisema si vizuri mtu kujenga juu kuliko msalaba, halafu nikamwona anarekebisha kilemba chake kwenye kioo hicho hicho. Wazee wengine walisema mchoraji wa ramani alikuwa mgonjwa. Vijana wakasema hapana, sasa na sisi ni mji, Dar watatuheshimu. Kituo cha daladala kikabadilishwa jina bila kikao. Kikawa "Kwa Kioo".

Pale ufukweni tulikaa watatu jirani. Malimi na viatu vyake. Mimi na redio mbovu za watu. Nilikuwa na diploma ya umeme na kazi ya shirika, shirika likauzwa, diploma ikabaki. Na Dorotea na karai lake la kukaangia sato. Dorotea alilipenda lile jengo kuliko sisi wote. Asubuhi, kabla hajawasha moto, alisimama mbele yake akafunga kitambaa kichwani, akageuka kulia, akageuka kushoto.

"Fundi, nimependeza?"

"Umependeza. Samaki ndio watakaokuja wenyewe."

"Acha uchokozi wako."

Lakini alikuwa na mzigo moyoni. Mama yake, Sabina, alikuwa mgonjwa nyumbani, miguu imevimba, hali ni ya kusubiri. Nyumba yao iko kule juu, ukuta kwa ukuta na kanisa. Dorotea hakuweza kukaa naye mchana kutwa, kwa sababu bila karai hakuna uji wala dawa. Jirani yao Hellen ndiye aliyekaa naye. Na yule bibi alikuwa na ombi moja tu, alilirudia kwa kila aliyemtembelea. Hata mimi nilipompelekea betri za redio aliniambia.

"Mwanangu ndiye atakayenifumba macho. Sitaki kufumbwa na mkono wa kuazima."

Dorotea alimwahidi. Na ahadi ile haikuwa ngumu, kwa sababu kengele ilikuwepo. Parokiani kwetu mgonjwa akifika mwisho, kengele hupigwa polepole, pigo moja, kimya, pigo jingine, ili watu waache walichoshika wamuombee na ndugu waje. Watu wa ufukweni tumeitwa hivyo tangu tukiwa wadogo. Hakuna aliyewahi kutumwa kuja kumwita mtu. Hellen angegonga mlango wa mzee Masalu, mpiga kengele, Masalu angevuta kamba, na Dorotea angepanda kilima kabla sato hajageuzwa upande wa pili.

Sasa, kengele yenyewe ilikuwa imeanza kufifia. Si kwa siku moja. Jengo lilipokuwa bado chini tuliisikia ya saa sita mchana kama kawaida. Likapanda, kengele ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Halafu likaja jenereta lao, maana umeme ulikuwa wa mgao, ikawa siku nyingine tunasikia, nyingine hatusikii. Na hapo ndipo tulipokosea, wote, kwa kicheko kabisa. Tulisema Masalu amezeeka.

"Mzee, siku hizi unapiga kengele au unabisha hodi?" Malimi alimuuliza siku aliyoshuka kununua samaki.

Masalu alitabasamu na meno yake machache. "Shikamoo hakuna, unaanza na matusi."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nitavuta zaidi."

"Kula sato upate nguvu," akasema Dorotea, akamfungia mkubwa. "Kengele yangu unaijua. Ile usiivute kizee."

"Ile nitaivuta kwa mikono yote miwili, binti yangu."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Harusi mbili zilishuka kupiga picha Kwa Kioo, maana siku hizo hakuna bibi harusi aliyetaka tena kupigwa picha kwenye ngazi za kanisa alikofungia ndoa. Bibi harusi wa pili shela lilikuwa linamsumbua, upepo wa ziwa unalichukua. Dorotea akanawa mikono, akaenda kumsaidia. Alimbana shela kwa pini mbili, akamzungusha akitazame kioo, akasema, "Angalia ulivyo, mama." Wapambe wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika redio ya mtu mkononi na nilicheka pamoja nao. Ilikuwa mchana mzuri, nisiseme uongo.

Jioni Dorotea alizima moto, akafunga samaki mmoja mlaini wa mama yake, akapanda. Nilikuwa naelekea huko huko, tukaongozana. Tulipozunguka jengo tukaona mabenchi yametolewa nje ya nyumba yao. Wanawake wamekaa chini, khanga mabegani. Samaki aliendelea kuwa mkononi mwake mpaka mtu alipokuja kumpokea.

Hellen alimshika. Alisimulia huku analia, na kila alichosimulia kilizidi kuumiza. Hali ilibadilika mchana. Alimkimbilia Masalu, Masalu akapiga. Akapiga, akapiga. Bibi Sabina aliisikia, mnara si uko dirishani pake? Akageuza uso mlangoni, akasema, "Anakuja huyo." Akawa anatazama mlango. Kila kengele ikilia anasema tena, kwa sauti ndogo, anakuja.

"Kwa nini hamkutuma mtu?" Dorotea aliuliza.

"Kengele ilikuwa inalia, Dorotea. Nani anatuma mtu na kengele inalia?"

"Nani alimfumba?"

 Hellen alitazama mikono yake mwenyewe.

Tulimzika Jumatatu. Watu walikuwa wengi, lakini Dorotea hakulia ile siku. Baada ya kutawanyika alimfuata Masalu, aliyekuwa amekaa peke yake kwenye ngazi za kanisa, akasimama mbele yake. Hakutoa shikamoo. Kwetu ukimnyima mzee shikamoo umeshasema mengi.

"Hukupiga," akasema. "Au ulipiga kizee."

 Masalu akafungua viganja. Ngozi ilikuwa imetoka kwenye vyote viwili, kamba ilipita pale pale siku ile ya Jumamosi, pigo baada ya pigo, na katikati kulikuwa kubichi. Dorotea aliviona. Hakusema pole. Aliondoka.

Alirudi kazini wiki iliyofuata na kitambaa cheusi kichwani, amekifungia nyumbani. Jengo alilipa mgongo. Siku moja karibu na saa sita akaniambia, bila kugeuka, "Fundi, nenda juu. Mwambie mzee apige ile ya mama. Mimi nitasikiliza hapa."

Nilipanda. Masalu hakuniuliza sababu. Alizungushia matambara mikononi, akashika kamba.

Ile kengele, ukiwa chini ya mnara, inakuingia mpaka kwenye meno. Pigo moja, kimya, pigo jingine. Njiwa waliruka wote. Mbele yetu ule upande wa nyuma wa jengo ulikuwa umelishika kanisa zima kiooni, mnara na mawe yake, na ndani yake mzee mwingine anainama na kuinuka na kamba.

"Huyo mwenzangu," Masalu alisema alipopumzika, akimwonyesha kwa kidevu. "Tangu wamlete, naona kama ndiye anayepiga. Mimi nahangaika bure."

Nikamkazia tambara lililokuwa limelegea. 

Akaendelea mpaka akachoka. Nikashuka, nikapita pembeni mwa jengo, na nilipokata kona sauti zote za ufukweni zikanirudia kwa pamoja, jenereta, Malimi anaita wateja, mafuta yanachemka. Dorotea alikuwa ameacha samaki. Alikuwa amesimama, kichwa amekiinamisha upande kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha mgonjwa. 

"Ameshaanza?" akaniuliza.

"Ameshamaliza, Dorotea."

 Alichuchumaa, akamgeuza sato aliyekuwa ameanza kuungua upande mmoja, na hapo ndipo alipolia, polepole, bila kujifuta, huku anageuza na wengine. Wateja wawili walikuja wakaona, wakaondoka bila kuuliza bei.

Alipotulia alichagua samaki mkubwa kuliko wote, akamtoa miiba yote kwa vidole, kama anayemtolea mtoto, akamfunga kwenye karatasi. Akaazima kopo langu la mafuta ya mgando ya kupaka.

"Nampelekea mzee," akasema. "Na ile mikono atakulaje. Niangalizie moto."

Akazunguka jengo, hakujitazama, akapanda.