Kaa la Saa Nne na Nusu

Mwanangu tunamwita Chiriku kwa sababu mchana kutwa mdomo haufungiki. Ana miaka mitatu na nusu. Mchana namuweza, kinachonishinda ni usiku. Kuna siku, ikifika saa nne na nusu, anaketi kitandani ghafla, macho kodo, jasho linamtiririka, na kwa sauti ambayo sijui huitoa wapi katika kifua kile kidogo anapiga mayowe: "Kaa! Kaa! Kaa!"

Ukimshika anakusukuma. Ukimwita hakusikii. Baada ya dakika kumi anaanguka tena, usingizi fofofo, na asubuhi hakumbuki chochote, anadai chai. Macho mekundu tunabaki nayo sisi wakubwa, na jirani yetu fundi cherehani, anayegonga ukuta kwa mkasi: "Nyie! Mnamchinja nani humo?"

Nyumbani kila mtu alilitafsiri neno hilo alivyopenda. Mama mkwe alisema ni kaa mwenye magando, yule wa kwenye kitabu cha picha. Akaichana karatasi yenyewe, na twiga wa upande wa pili akaenda bila kosa. Mume wangu, fundi wa majokofu, alisema ni kaa la moto, maana mtoto aliwahi kuungua kidole jikoni. Akahamishia jiko uani, nikawa napika huku nimeshika mwavuli.

Tafsiri yangu sikuisema. Ilikuwa inaniuma: kaa, mama, usiende.

Maana mimi huenda. Mchana napiga pasi kwa dobi, na jioni tatu kwa wiki natoka kazini moja kwa moja hadi darasani, kumalizia shule niliyoiacha kidato cha pili. Narudi saa tatu kasoro. Na kila nikirudi, Chiriku ananirukia mlangoni. Mama mkwe husema, "Alilala tangu saa moja. Amesikia hatua zako, akaamka." Nami moyo unalainika kama siagi juani.

Muuguzi wa zahanati alituambia tusimwamshe kwa nguvu, tusimmwagie maji, tusimkemee. "Mlindeni tu asijigonge. Wengi huyaacha mayowe haya wakikua. Ila andika: kalala saa ngapi, kapiga kelele saa ngapi." Nikaandika wiki mbili nzima, nyuma ya daftari la hesabu.

Mume wangu akalichukua daftari, akapitisha kidole. "Jumatatu. Jumatano. Alhamisi. Jumatatu. Jumatano. Alhamisi." Akanitazama. "Mama Chiriku, mimi sina elimu ya jioni, lakini hesabu hii hata mimi naiweza."

"Kwa hiyo niache?"

"Sijasema uache. Nimesoma ulichoandika."

Hakuna kinachokera kama kuchapwa kwa daftari lako mwenyewe. Siku za darasa mtoto anapiga mayowe, siku nyingine analala kama jiwe. Ningebisha nini? Na fomu ya mtihani ilitakiwa Ijumaa.

Alhamisi niliunguza kola ya shati la mteja kwa kusinzia. Dobi akaishika kola, akanikazia macho. "Dada, hii ni pasi, siyo mto." Jioni nikaenda darasani na fomu tupu ndani ya mkoba, nimekusudia kumwambia mwalimu basi, imetosha. Kabla sijafungua mdomo, umeme ukakatika. Mwalimu akasubiri weee, akachoka, akaturudisha nyumbani.

Saa mbili kasoro nilikuwa chini ya dirisha letu, natafuta ufunguo, nikasikia makofi ndani. Pa! Pa!

"Kaa! Kaa wima! Usilale wewe, mama anakuja. Kaa!"

Nikafungua. Chiriku alikuwa juu ya kiti, shingo imelegea kama ua lililokosa maji, kope zimelowa. Mama mkwe alikuwa mbele yake na kikombe cha maji, ncha za vidole bado zinadondosha.

"Mama!" nilisema. "Ndiyo nini hii?"

"Umewahi leo," alisema.

"Si huwa analala saa moja?"

Akakitazama kikombe. Sikungoja jibu. Nilisema yote, ya kola, ya mwavuli, ya daftari, hata ya twiga. Fundi cherehani akagonga ukuta, nikamjibu na yeye. Mama mkwe akasubiri nimalize, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nilifagia ofisi za watu usiku miaka minne. Natoka mumeo amelala, narudi amelala. Siku moja nikamkuta macho. Akaniamkia: shikamoo, shangazi." Akafuta vidole kwenye kanga. "Sikutaka na wewe uitwe shangazi."

Hasira ikabaki bila pa kukaa. Nikamchukua Chiriku. Alilala kabla kichwa hakijafika begani.

"Mtoto akichoka kupita kiasi, mama, usingizi wenyewe unamgeuka," nilisema, taratibu sasa. "Alale saa moja kweli. Mimi nitamwona asubuhi. Nitaamka mapema, tutakunywa chai wawili."

"Watatu," alisema.

Mume wangu alipoingia na kisanduku chake cha vifaa, nilimweleza. Akalifungua daftari, akalitazama tena muda mrefu, akakuna kichwa. "Kumbe hesabu ilikuwa sawa," alisema, "ila swali ndilo halikuwa hilo." Akanipa kalamu yake. Ilinuka grisi. Nikaanza kujaza fomu kwa mwanga wa mshumaa, umeme bado haujarudi: jina, umri, masomo.

Saa nne na nusu ilinikuta kwenye mstari wa sahihi. Kitanda kikalia. Chiriku akaketi, macho kodo. Jirani, nadhani, alikuwa tayari na mkasi.

"Kaa!"

Mama mkwe, anayelala naye, hakuwasha kitu, hakumtikisa. Alimwekea mkono mgongoni, akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Mama ameshakuja, baba. Lala."

"Kaa," alisema Chiriku, mara hii kwa kunung'unika. Kisha akaangukia ubavu.

Dakika mbili. Nilizihesabu, nikaziandika nyuma ya daftari. Halafu nikatia sahihi.