Ukumbi wa Rufaa Haujai

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, Marlys Sobczak, fundi wa seva wa kampuni moja ya bima ya afya mjini Omaha, alimwaga kahawa ya jana, akachemsha nyingine, akasoma kwenye skrini kwamba hifadhi ya barua za rufaa imejaa asilimia mia. Akafungua mlango wa nyuma kuhakikisha. Kweli, ukumbi wa rufaa ulikuwa umejaa. Kila mtu aliyenyimwa matibabu akakata rufaa alikuwa kwenye kiti chake cha chuma, koti mapajani, magoti yakimgusa wa mbele.

Eldon, baba yake Marlys, alikaa kiti cha tatu. Wakati huohuo alikuwa kwake ng'ambo ya mto akila uji wa shayiri, na hakuna aliyeona ugumu hapo. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akiomba mashine ndogo ya oksijeni, ile ya kubeba begani. Kampuni ilimjibu mara moja tu, ikimshukuru kwa uvumilivu wake.

"Pamejaa, eti?" akauliza, akihema.

"Pamejaa, baba."

"Basi leo watasoma."

Ndivyo kanuni ilivyosema. Iliandikwa zamani na mtu mwenye haya: hifadhi ikijaa, karani asome barua kuanzia ile kongwe, aijibu, aiondoe. Haikuwahi kutumika. Diski zote za kampuni zilikuwa zimeunganishwa kuwa ghala moja lililokatwa vipande, na kipande kikijaa, Marlys hukiongezea kutoka ghalani bila kuzima chochote. Mara tisa alikiongezea, na mara tisa ukumbi ukarefuka kuelekea maegesho ya magari.

Todd Brandvold, mkuu wa idara, akatokea na kikombe chake kilichoandikwa "Tunajali".

"Marlys, vipi tena? Barua mpya zinarudi kwa kukosa nafasi. Ongeza terabaiti mbili."

"Au zisomwe kumi tu, Todd. Za mbele."

"Zisomwe?" Akacheka kwa pua. "Dada, diski haiombi likizo. Ongeza."

Kazi hiyo ina amri mbili. Ya kwanza hukipanua kipande. Ya pili huunyoosha mfumo wa faili uliomo ndani. Ukiiacha ya pili, nafasi ipo lakini haiingiliki, na hilo ni kosa la wanagenzi. Marlys, mwenye miaka kumi na tisa kazini, alilifanya makusudi. Ukumbi ukaongezewa zulia jipya nyuma ya ukuta, ukuta wenyewe usisogee, na skrini ikabaki kwenye mia.

Saa tano na nusu, kanuni ikiwa kanuni, karani akaja na miwani yake. Akasoma barua ya mama mmoja mwenye goti bovu.

"Huyu mbona alistahili tangu mwanzo?" akasema, akapiga muhuri. Mama akainuka, akaenda zake. Barua ya pili nayo ilikuwa ya haki tupu. Dakika sita zilitosha kwa wote wawili, baada ya miaka miwili ya kukaa hapo. Karani akachukua ya tatu.

Todd naye aliwahi kuwa fundi kabla hawajampandisha cheo ili asiharibu zaidi, na amri moja ilikuwa imebaki kichwani mwake. Aliitazama skrini, akasonya.

"Umesahau ya pili, Marlys! Wewe wa kusahau?"

Akaiandika kwa vidole viwili. Ukuta ukateleza taratibu hadi mwisho wa zulia, viti vikapata nafasi, skrini ikashuka hadi sitini na nane. Karani akanyamaza katikati ya mstari, akairudisha barua kwenye bahasha, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Hifadhi haikujaa tena, kanuni ilikuwa imekwisha kazi, na chakula cha mchana kilikuwa karibu.

Watu wakanyoosha miguu. Wengine walimshukuru Todd.

Marlys akainama kando ya kiti cha tatu.

"Alikuwa amefika wapi?" Eldon akauliza.

"Kwenye jina lako, baba."