Titi la Mwenzake

Hivi, umewahi kuona titi likimsubiri mtoto aliyekwisha kuzikwa? Mke wa seremala alijifungua pacha, akawagawia: mkubwa titi la kulia, mdogo la kushoto. Mdogo akafariki. Tangu hapo mkubwa alinyonya la kulia tu, akawa analia njaa kutwa. La kushoto lilijaa lenyewe kila ilipofika saa ya marehemu kunyonya, likalowesha blauzi, naye mama akalikamulia kwenye beseni.

Mama mkwe akachoka kuvumilia. "Mwanangu, mtoto anakonda na maziwa unamwaga! Hata mbuzi hagawi chuchu kama viwanja. Mpe hilo."

Mke wa seremala akatii, akamsogeza mtoto kushoto. Kabla mtoto hajafungua kinywa, mama yake akahisi midomo midogo, ya baridi, imeshatangulia kunyonya. Akamwondoa mtoto upesi.

"Kulikoni tena? Nani anakukataza?" mama mkwe akauliza.

Mke wa seremala akatazama mto mtupu wa marehemu pembeni yake. Neno alilotaka kusema alikuwa amelimeza tangu msibani, akiogopa kuitwa mama mbaya.

"Mama, mwenzake bado ananyonya. Siwezi kumnyang'anya. Huyu nataka nimwongezee maziwa ya kopo, kwa chupa."