Dole Gumba la Felisita

Dada yangu Felisita amekuwa akifundisha maksai kulima tangu alipofiwa na mumewe. Kule kwake Bisibo, wilayani Biharamulo, mtu akinunua ndama dume wakorofi, humpelekea yeye. Kwa hiyo mume wangu Gervas aliponunua wawili mnadani, nilimpigia dada simu aje Keza. Huku kwetu watu wamezoea jembe la mkono, na majirani walikuja kuona mwanamke akiwafunga ng'ombe nira.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili pikipiki ilipita njiani ikipiga honi, maksai mmoja akashtuka, akarudi nyuma na kumkanyaga dada mguu wa kulia. Alikuwa peku. Alimsukuma ng'ombe kwa bega mpaka akainua kwato, ndipo akakaa chini.

Dole gumba lilikuwa limepinda upande, kucha imeng'oka. Jirani mmoja akasema, "Hicho ni cha kukatwa tu." Gervas alimpakia kwenye pikipiki, nikakaa nyuma nimemshika kiuno, tukapanda hadi Ngara mjini.

Aliyetupokea hospitalini alikuwa daktari wa mifupa aitwaye Biubwa, binti wa wafanyabiashara wa pale mjini, amevaa hijabu ya kijani.

"Shikamoo mama," alimwambia dada.

"Marahaba, mwanangu. Niambie kama unakata."

"Kwanza nione ndani."

Picha ya eksirei ilipotoka, aliibandika kwenye taa na kumgeuzia dada kiti aione vizuri. Sijawahi kuona mtu akiangalia mifupa kwa furaha namna ile.

"Hivi vidole vingine, kila kimoja kina vifupa vitatu vilivyofuatana," alisema. "Dole gumba lina viwili tu, lakini vinene. Huu wa nyuma ndio umevunjika, na ncha zake zimeachana. Sasa tazama hapa chini ya kiungo. Unaviona hivi viwili, kama punje za karanga?"

"Naviona."

"Vimekaa ndani ya kano. Kila ukijisukuma kwenda mbele, uzito wako unapita juu yake, na kano inateleza bila kusagika. Vyako ni vizima kabisa. Ng'ombe mzima amesimama juu yako na havikupasuka!"

Dada akasahau maumivu. Alisogeza uso karibu na picha. "Na ng'ombe mwenyewe? Ana vidole?"

"Anavyo. Tena yeye husimama kwa ncha za vidole viwili maisha yake yote. Kwato zile ni kama kucha zake."

"Kumbe nimekanyagwa na mtu anayetembea kwa vidole!" Dada akacheka, machozi yakimtoka. Daktari naye akacheka.

Alasiri ile Biubwa aliunganisha mfupa akaupitishia waya mwembamba. Alituambia wazi kwamba kidonda kikioza, kidole hakitabaki. Dada alikaa kwangu akisafishwa kidonda na kutembea kwa magongo. Hakikuoza. Waya ulipotolewa, kidole kilikuwa kigumu kama kijiti, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Daktari alimwagiza atandike kanga sakafuni aikusanye kwa vidole vya mguu. Siku za mwanzo kanga haikusogea hata kidogo. Jasho lilimtiririka, naye akarudia tena na tena, akikiamrisha kidole kama anavyowaamrisha maksai: "Njoo! Geuka! Vuta!" Nilikuwa namenya ndizi pembeni, na siku pindo la kanga lilipokunjika niliacha kisu nikapiga vigelegele peke yangu.

Alipoweza kusimama vizuri, Gervas alimnunulia mabuti, na dada akarudi shambani. Maksai aliyemuumiza alikataa kusogea karibu naye. Dada alimkuna shingo, akamsemesha taratibu kwa Kisukuma, lugha ya waliomfundisha kazi ya maksai, kisha akamfunga nira kana kwamba hakuna lililotokea. Bonde letu lililolala miaka mingi bila kulimwa likapasuliwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika plau, yeye akitembea mbele ya ng'ombe, na niliona jinsi anavyokisukuma kisigino juu na kuacha uzito upite kwenye dole gumba.

Kabla hajarudi kwake tulipita hospitalini. Biubwa alimwambia avue viatu asimame kwa ncha za vidole. Dada akashika ukingo wa meza, akapanda. Daktari akapiga magoti sakafuni na kugusa kile kiungo kwa kidole kimoja.

"Ajabu," alisema.

"Umekitengeneza wewe," dada akamjibu.

"Mimi nimeweka waya tu, mama. Mfupa umejiunga wenyewe, na kutembea umejifundisha wewe."

Kituoni basi la Biharamulo lilikuwa linanguruma. Dada alinikumbatia, akaweka mguu wa kulia kwenye ngazi, akajisukuma juu bila kushika mlango.