Tandiko la Marehemu

Farasi akikufia, watu hawajui wakupe pole ya namna gani. Wengine watakushika mkono kana kwamba umefiwa na mjomba, wengine watakuuliza utanunua mwingine lini, kana kwamba kilichokutoka ni sufuria. Mshona matandiko alizipokea pole za aina zote mbili, akazimeza, akarudi karakanani kushona matandiko ya farasi wa watu wengine. Mji mzima ulimwita Bi Sindano. Na farasi wake, tangu siku ile, hakutajwa tena kwa jina. Aliitwa marehemu, na mume wake, dereva wa lori asiyejaliwa kuficha kicheko, alijifunza kukificha.

Sasa Bi Sindano alikuwa ameota mvi, na magoti yake yalianza kulalamika kila alipoinuka. Farasi akitunzwa huishi miaka mingi, kwa hiyo jambo halikuhitaji mwalimu: farasi mpya atakayemchukua ndiye atakayezeeka naye, na baada yake hatapanda mwingine. Ndiyo maana alitaka farasi wa mkeka, basi. Hao ni nasaba ya kale, wafupi, rangi ya majivu, na jina wamelipata kwa mwendo wao ambao farasi wengine hawana: miguu inakwenda mbio lakini mgongo umetulia, nawe huko juu unajiona umeketi mkekani. Marehemu alikuwa wa nasaba hiyo. Waliobaki walikuwa wa kutafutwa kwa tochi, na karibu wote walikuwa kwa mfugaji mmoja, mwanamke mrefu, mkavu, asiye na subira na binadamu.

Mfugaji huyo alikuwa na utaratibu wake. Hukuupenda, njia uliyoijia unaijua. Mnunuzi hatafutiwi farasi wala haambiwi yupi mzuri. Anapewa kigoda, anaketi malishoni mikono mitupu, anatazama na kutazamwa. Akishachagua ajaribu mbele ya mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa mwisho kusema ndiyo au hapana.

Bi Sindano alifika na tandiko begani.

Alikuwa amelishona kwa mkono wake kwa ajili ya marehemu, akalipunguza hapa na kulijaza pale kadiri mgongo ule ulivyobadilika kwa umri, mpaka likawa kama ngozi ya pili. Na fundi na kazi yake, jamani! Mshona nguo atakutazama mabega kabla hajakutazama uso. Huyu naye, farasi kwake alianzia mgongoni. Alikuja kutafuta mgongo utakaolienea tandiko lile. Mumewe alimwambia njiani, kwa upole wote, kwamba hajapata kuona mtu akinunua mguu kwa sababu ana kiatu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ukungu wa asubuhi ulikuwa umelalia nyasi, na farasi walitokea humo vipande vipande: sikio, shingo, pumzi. Hawakuwa na haraka yoyote. Mmoja alipita karibu hata Bi Sindano akasikia nyasi zikikatika mdomoni mwake, kisha akayeyuka alikotoka. Ilikuwa kama ile ndoto aliyokuwa akiiota tangu msiba, malisho yaleyale, kimya kilekile, ila safari hii viatu vililowa umande, na ndotoni mtu halowi. Alitamani asiamke. Mfugaji alipogeuka kwenda bandani, aliondoka kigodani na tandiko lake, utaratibu akauacha hapohapo.

Wa kwanza alikuwa jike mpana, mgongo kama meza. Tandiko likakaa upandeupande kama chungu juu ya mafiga mawili, likateleza, na jike akaling'ata mkanda kwa hasira. Wengine lilicheza, wengine liliwabana. Kisha akatokea dume kijana, mpole, akasimama tu. Bi Sindano aliliweka tandiko na lenyewe likatulia, wakawa chanda na pete. Alipitisha kiganja chini ya ngozi, akatafuta nafasi, hakuiona.

Mfugaji alirudi, akaona, akakunja uso, lakini alimruhusu apande.

Na alipanda, wallahi alipanda! Alifumba macho na ukungu ukampita usoni, na kwa muda mzuri hapakuwa na msiba wala mvi. Alimwita yule dume kwa jina la marehemu, polepole, asisikiwe. Walipofika kwenye geti la chuma alivuta hatamu kidogo, akampapasa shingo, akamnong'oneza asiogope, geti tu hilo, halina neno. Marehemu aliogopa mageti maisha yake yote. Wakapita. Wakazunguka, wakarudi, akambembeleza tena. Mzunguko uliofuata, dume aliliona geti kwa mbali, akapuliza pua, akaanza kutembea kiubavu. Uliofuata, akagoma kabisa, anatetemeka mpaka tandiko likawa linalia.

Mfugaji alikuja akamshika lijamu.

"Huyu amezaliwa pembeni ya geti hili," alisema. "Hajapata kuliogopa hata siku moja. Wewe ndiye umemfundisha."

Bi Sindano alishuka. Ilikuwa kweli tupu. Alikuwa amemchukua mtoto wa watu, mzima wa afya, akamvika woga wa maiti. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu ikaja huzuni yenyewe, ile aliyokuwa akiishonea ndani ya matandiko ya wenzake. Alilia kama mtoto, makamasi na yote, na mfugaji, ambaye hakuwa hodari wa mambo hayo, alitazama pembeni akimpapasa dume.

"Huyu sikupi," mfugaji alisema mwishowe. "Na tandiko hilo likipanda mgongo mwingine hapa, nenda nyumbani, dada."

Ikawa ni hapo. Aondoke na tandiko lake, magoti yazeeke karakanani, au abaki bila kitu chochote alichokijua. Alilivua tandiko, akalining'iniza uzioni, akasimama mikono mitupu kama alivyotakiwa tangu mwanzo. Ukungu ulikuwa ukiinuka. Alitazama, na safari hii alianza na nyuso. Yule jike mpana alikuwa akimkodolea macho kwa dharau, bado ana kinyongo cha ule mkanda. Hakuwa na chochote cha marehemu, hata nukta. Bi Sindano alisema anamtaka huyo.

Alimpanda mgongo mtupu. Mapaja yalipanuka yakauma, akajiona mwanafunzi, na umri ule! Kisha jike aliamua kwenda, na mwendo ukaja, mkeka wenyewe, lakini mpana, wenye kubembea kidogo, mkeka wa nyumba nyingine. Kwenye geti mkono wa Bi Sindano uliinuka wenyewe kwenda shingoni. Aliukamata kwa mkono wa pili. Jike alipita kama mwenye nyumba, na mfugaji akasema ndiyo.

Mbele kidogo, kando ya lori la mumewe, palikuwa na jiwe jeupe, jiwe la kawaida tu. Jike akakwama. Masikio juu, miguu imekita ardhini, pumzi juu juu. Dereva alichungulia dirishani, akauliza kuna nini tena.

"Anaogopa jiwe," Bi Sindano alisema.

"Mbona marehemu hakuogopa mawe?"

"Huyu si marehemu."

Kisha akaiinamia ile shingo nene, asiyoijua, akaanza kumweleza jike habari za jiwe.